Picha Iliyoishia Mapajani

Mume wangu walimwita Timazi, kwa ile kamba yenye chuma ambayo mafundi wa kujenga hupimia ukuta kama umesimama wima. Katika kuta zake zote hakuna hata mmoja uliopinda. Kwa hiyo alipoanza kupinda yeye, watu walipata cha kuchekea.

Ilianza na mbavu, ikaja nyonga, halafu mwendo ukabadilika. Akawa anayumba huku na huku kama bata, mpaka nikamwambia, "Baba watoto, hebu tembea vizuri, watu watadhani umelewa." Akasema, "Natembea ninavyoweza." Suruali zake zikaanza kuburuza chini. Nikadhani ni mimi niliyeshona pindo vibaya, kumbe mwenye suruali ndiye aliyekuwa anapungua urefu. Siku nyingine alipiga chafya, ubavu ukavunjika. Chafya tu, jamani.

Hospitalini walimpiga eksirei, wakamtoa damu, wakampa vidonge vya maumivu na kumwambia apumzike. Akapumzika. Na katika ukoo wa mafundi, kupumzika ni neno baya kuliko matusi.

Kazi alifundishwa na baba yake mzazi. Mzee yule hakuwa mtu wa maneno mengi. Yeye na Timazi walikuwa wameanza kutujengea chumba cha nyuma, ukuta ukafika usawa wa dirisha, ukabaki hapo. Kila asubuhi alipita na ndoo yake ya vifaa, akasimama mlangoni asiingie.

"Hajaamka?"

"Anaumwa, baba."

"Anaumwa nini?"

Hapo ndipo nilipokwama kila siku. Mimi mdomo ninao, wanaonijua watakwambia, lakini jina la ugonjwa sikuwa nalo. Na Timazi kule ndani alikuwa anasikia kila kitu. Kupona alikutaka, nani hataki kupona? Ila alichokitaka zaidi ni baba yake ajue kwamba hakulala kwa uvivu.

Ndipo tukapelekwa hospitali kubwa, kwenye mashine ya mionzi. Mtaalamu wa pale alitueleza vizuri. Mgonjwa anachomwa sindano yenye dawa inayotoa mionzi kidogo, dawa inazunguka mwilini, inajikusanya palipo na tatizo, halafu mashine inapaona panang'ara. "Baada ya sindano atakaa peke yake kwenye chumba," akasema. "Asiongee, asitafune kitu, atulie tuli."

"Kutulia hana shida," nikamwambia. "Kutulia ndiko kulikotuleta."

Timazi alicheka, akajishika mbavu, akaniomba nisimchekeshe tena.

Majibu yalipotoka, daktari alikuwa anatabasamu. "Habari njema, mama. Tumeangalia mwili mzima. Hakuna kitu."

Tukarudi nyumbani mimi na mume wangu. Tulipofika akakaa kitandani na viatu vyake, akasema, "Labda ni mimi tu. Labda nimekuwa mvivu bila kujijua." Nilimfokea siku ile, nikamwambia akome kabisa kusema hivyo, lakini nilikuwa naogopa.

Alikwenda mwenyewe kumwambia mzee, maana uongo hakuuweza. Mzee alifuta mwiko wake kwa kitambaa, akasema, "Basi kesho njoo kazini." Akaenda. Akashika ndoo ya zege, haikuinuka. Akajaribu tena, akaishia kukaa juu ya tofali, akabaki amekaa pale mbele ya vibarua wote mpaka jioni.

Mzee akanipitia. "Mkwe wangu, mimi nimebeba saruji nikiwa na homa. Nimebeba mkono umevimba. Mashine imemwangalia mwili mzima, haikuona kitu. Sasa tuseme nini?"

Nikampa za uso. "Baba, mwanao akijigeuza kitandani analia. Mashine hailali naye. Ninayelala naye ni mimi."

Akaniangalia kwa huruma, na huruma ile iliniuma kuliko angenitukana. "Wewe unampenda," akasema. "Ndiyo maana."

Kuanzia hapo hakusimama tena mlangoni. Alipita tu na ndoo yake, na Timazi alihesabu hatua zake mpaka zilipopotea.

Kisha mzee akafa. Moyo ulisimama akiwa kazini, mwiko mkononi, kabla hata ya kuletewa chai. Sijui kama nilimsamehe siku ile au baadaye. Nililia kama aliyefiwa na baba yake.

Kaburini wana wa marehemu ndio wanaotangulia kutia udongo, na mkubwa wao ni mume wangu. Alikuwa kwenye kiti cha plastiki, magongo ya kutembelea yamelala miguuni. Watu wakamngoja. Akajishika kwenye kiti, akajaribu kuinama, mgongo ukakataa, akabaki amening'inia katikati, si kukaa wala kusimama. Nyuma yetu baba yake mdogo akanong'ona, "Hata leo?"

Nilisikia. Timazi naye alisikia. Nikapiga magoti, nikachota udongo kwa viganja vyangu nikamwekea mkononi, naye akauachia uanguke. Mdogo wake, shemeji yangu, akapokea koleo na mazishi yakaendelea.

Baada ya hapo sikumsikiliza mtu. Nilimbeba mume wangu na hasira zangu mpaka hospitali nyingine, kwa daktari mmoja mwanamke aliyesifiwa kwa magonjwa ya mifupa na homoni. Alimwambia Timazi avue shati, akamgonga mgongo taratibu, akamwuliza alikuwa na urefu gani alipooa. Hakuna aliyewahi kumwuliza hivyo. Halafu akaweka zile picha za mionzi kwenye kompyuta, akaziangalia kwa muda mrefu.

"Miguu iko wapi?"

"Miguu anayo, daktari," nikajibu. "Hiyo hapo chini ya meza."

Hakucheka. Akanigeuzia skrini. Kichwa kilikuwepo, kifua, tumbo, nyonga. Mapajani picha ikakatika kama karatasi iliyochanwa.

"Ndiyo kawaida ya picha hizi," akasema. "Magonjwa mengi tunayoyatafuta hukaa huku juu, kwa hiyo mashine inasimama hapa. Walifanya kama inavyofanywa kila siku."

"Walituambia mwili mzima," alisema Timazi polepole.

"Huwa tunasema hivyo," daktari akajibu, akainamisha macho.

Akapima damu na mkojo, akakuta madini ya mifupa yanamwagika yote kwenye mkojo. Akatufafanulia. Kuna kivimbe kidogo, si saratani, kinachoweza kujificha popote, hata kwenye kidole. Kinaidanganya figo itupe madini hayo, na mifupa inalainika mpaka inavunjika kwa chafya. Ni ugonjwa adimu, daktari anaweza kustaafu asikutane nao. Kukisaka kunahitaji dawa nyingine ya mionzi, inayoshikana na vivimbe vya aina hiyo. "Na safari hii," akasema, "kuanzia utosini mpaka unyayoni."

Akachomwa sindano nyingine, akakaa kwenye chumba kingine, akaingizwa kwenye mashine nyingine. Mimi nje nilikuwa nimeshika viatu vyake. Nilijua wakisema tena hakuna kitu, sitampata tena mume wangu. Angejilaza asiinuke.

Daktari alituita. Mwili wote ulikuwa wa kijivu. Figo na kibofu viling'aa, akasema hiyo ni dawa inapita tu, tusiogope. Kisha akatelemsha kidole chini, chini kabisa, mpaka kwenye kisigino cha kulia. Palikuwa na doa moja, dogo, linawaka.

Akamshika mguu, akambonyeza pale kwa dole gumba. Timazi akaruka.

"Tumekipata," daktari akasema. "Ugonjwa wako wote uko hapa."

Nilimkumbatia daktari wa watu bila kuomba ruhusa. Nilicheka, nililia, nilisema maneno ambayo hata siyakumbuki.

"Huo ugonjwa una jina?" Timazi akauliza.

"Unalo." Akalitaja, jina refu la kidaktari. Timazi akamwomba arudie, akalirudia na yeye mpaka likakaa mdomoni. Kisha akaniangalia, machozi yanamtiririka.

"Mama watoto, sasa nani atamwambia mzee?"

Nikainama, nikaanza kumvalisha viatu vyake.

Kivimbe kilitolewa. Daktari alinionyesha ndani ya kichupa, hakikuzidi punje ya harage. Mifupa ikaanza kukaza kidogokidogo. Urefu uliopotea haukurudi, nikamkatia suruali zake zote nikazishona upya. Gongo moja likaondoka, likabaki moja.

Asubuhi moja nikamwona anatia mwiko, mchanga, dumu la maji na nusu mfuko wa saruji kwenye toroli. Sikumwuliza. Nilisukuma toroli, yeye akatembea mbele na gongo lake mpaka makaburini.

Alisimama kwenye kaburi la baba yake, akalizunguka mara moja.

"Nani kapiga plasta hii?"

"Mdogo wako."

Akatoa kamba yake, akaishikilia pembeni ya kichwa cha kaburi, chuma kikatulia. "Imepinda. Mzee analala chini ya kitu kama hiki?"

Akaweka gongo chini, akapiga magoti. Tangu augue sikuwa nimemwona akipiga magoti. Alibandua ile plasta yote, mimi nikachanganya mchanga na saruji, akapiga upya taratibu, anapumzika, anaendelea, mpaka kamba na ukuta vikakubaliana. Kisha akabaki pale chini, ameweka kiganja pembeni ya kaburi.

"Baba," akasema. "Kilikuwa kisiginoni. Picha ya kwanza haikufika huko."

Akainua kichwa, kama anayengoja kuulizwa swali.

"Nilikuwa naumwa kweli, baba."

Akainama mwenyewe, mgongo ukamkubalia, akachota udongo kwa mkono wake akaumwaga miguuni pa kaburi. Nilimwacha na baba yake, nikaenda kutafuta maji mengine ya kuoshea mwiko.