Ngozi ya Ng'ombe wa Bwire

Opolot wa Kwapa hakuwa mwizi, na hilo tuliweke wazi kabla hatujafika mbali. Ubaya wake ulikuwa mmoja tu: hakuweza kumpa mtu habari mbaya. Aliikalia, akiomba ijifie yenyewe, na habari mbaya haifi kwa kukaliwa.

Rafiki yake Bwire aliuza samaki wa Majanji katika soko la Busia, na mjini hapana malisho. Basi ng'ombe wake alikaa kwa Opolot kwa desturi ya siku zote: mfugaji hunywa maziwa, ndama hugawanwa kati yake na mwenye mali, na ng'ombe akifa, mfugaji hupeleka ngozi. Asiye na ngozi ameuza. Hapana kiapo wala baraza, ngozi ndiyo shahidi. Ng'ombe mwenyewe alikuwa mwekundu, mwenye baka jeupe ubavuni mithili ya jembe, na alikwisha kutajwa kuwa mahari ya Ojiambo, mtoto wa Bwire, kwa wakwe wa Buteba.

Siku ng'ombe alipoacha kula, Bwire alipiga simu.

"Mulembe, ndugu yangu. Ng'ombe iko namna gani?"

"Iko sawa. Inakula tu."

"Kama inagonjwa wewe sema, natafuta daktari huku."

"Hapana, bwana. Iko sawa kabisa."

Kesho yake akasema vilevile, maana uongo wa jana haupendi kukaa peke yake. Akiror, mkewe, alimsikia. "Baba Omoding, ambia mtu ukweli," akamsihi.

"Akipona nitamwambia alikuwa mgonjwa," Opolot akajibu, na mtu mzima yule akajiona kasema la hekima.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Asubuhi ng'ombe alikutwa amelala chali, damu nyeusi ikimtoka puani. Daktari wa mifugo alipokuja hakumgusa kwa mkono mtupu. Ni kimeta, akasema. Asichunwe, asiliwe, azikwe na ngozi yake, chokaa na miiba vifuate juu, na kaburi lisifukuliwe kamwe. Opolot akatii. Katika mkasa huu wote, hapo ndipo alipofanya sawasawa, na hapo ndipo alipompoteza shahidi wake.

Jioni ile Bwire, aliyesikia kwa wapita njia, alifika kwa bodaboda, akasimama mbele ya lile kaburi la miiba.

"Ngozi iko wapi?"

"Daktari alikataza. Ni kimeta."

"Juzi ulisema nini? Inakula. Jana ulisema nini? Inakula. Leo imekufa na kimeta, na ngozi hakuna." Bwire hakupaza sauti, na afadhali angepaza. "Ungekuwa na shida ungeniambia, Opolot. Ningekupa hiyo ng'ombe kwa mkono yangu. Lakini kuiuza, halafu unionyeshe udongo?"

"Haki ya Mungu, Bwire..."

"Mungu wacha. Leta ngozi. Kama hakuna, wewe hunijui, mimi sikujui."

Habari zikaenea. Kwenye chungu cha ajono, ambapo wanaume wa Kwapa huketi duara wakivuta pombe kwa mirija mirefu, mrija wa Opolot ukaanza kukosekana, na hakuna aliyeinuka kumtafutia. Hilo angelivumilia. La Bwire lilimshinda. Alipozika mtoto wake wa kwanza, ni Bwire aliyefunga meza yake sokoni akaja kulala naye matangani. Sasa mtu huyohuyo alimwona mwizi. Chakula kikamkataa Opolot.

Jumapili, Akiror akiwa kanisani, alijifunga kitambaa puani, akaondoa miiba, akachimba. Alikata kipande chenye lile baka jeupe, akakiosha, akakianika, akakipeleka Busia mwenyewe.

Bwire alikipokea kwa mikono miwili. Alilipapasa baka lile, akalia mbele ya mkewe Damalie bila haya.

"Nisamehe, ndugu yangu. Nilikuwaza vibaya." Kisha akafuta macho, akacheka. "Kumbe ile ya kimeta ilikuwa bure! Ingekuwa kimeta, wewe ungeshika hii?"

Hapo, msomaji, palitosha neno moja. Opolot alilijua, lilikuwa mdomoni. Lakini alikuwa ameurudisha uso wa rafiki yake, na hakuwa na moyo wa kuupoteza tena.

"Daktari alikosea," akasema. "Ilikuwa homa tu."

Damalie akapika samaki. Bwire akasema ngozi ile ataiwamba kwenye kigoda chake, wajukuu wajue udugu ni nini, na mjukuu wake Nekesa, binti mdogo wa kutambaa, alikuwa ameshailalia shavu. Opolot alimwona. Alikula samaki wake, akaaga.

Baada ya siku chache kijipele kilimtoka mkononi, kikawasha, kikavimba, kikawa cheusi katikati bila kuuma. Akiror alipouliza, alisema ni mwiba. Alikuwa bado anakitazama simu ilipolia.

"Ndugu yangu, Nekesa ametoka kidonda kwa shavu," Bwire akasema. "Iko nyeusi, lakini halii. Jicho imefunga kwa kuvimba. Huko kwenu mnapakaga nini?"

Opolot akainuka wima. "Bwire, mpeleke hospitali sasa hivi. Ni kimeta. Hata mimi iko kwa mkono. Dawa iko, mkiwahi. Na ile ngozi, mtu yeyote asiguse tena."

"Ulisema daktari alikosea."

"Nilikudanganya."

"Siku gani ulinidanganya? Ile ulisema inakula? Ile ulisema kimeta? Ile ulikula samaki yangu? Ama ni leo?"

"Leo nasema kweli!"

"Hata hizo zingine ulisema ni kweli." Sauti ya Bwire ilikuwa imechoka. "Mimi sijui tena nishike neno yako gani." Akakata.

Opolot alipiga tena, simu ilikuwa imezimwa. Akampigia Damalie.

"Shemeji, mume wangu amekataza nisikusikie," Damalie akanong'ona.

"Damalie, nakuomba. Mtoto iko namna gani?"

Nyuma ya Damalie hakukusikika kilio, wala kikohozi, wala chochote.

"Iko sawa, shemeji. Iko sawa kabisa. Analala tu."

Simu ikakatika. Opolot alitoka mbio kuelekea barabara ya Busia, mkono uliovimba ukimning'inia. Akiror alimwita kwa nyuma, akiuliza wamesemaje, naye hakugeuka kumjibu.