Chaki kwenye Ekseli

Tangu Muhanna afariki, Zayana aliujua ua wa nyumba yake kwa masikio. Alikuwa ndani ya eda, na wanaume walishinda uani chini ya kibanda cha mabati, wakilimalizia gari la marehemu mumewe. Kwenye dirisha la jiko alitundika pazia zito, na nyuma ya pazia hilo alijifunza kujua nani kashika nini. Spana za Sinan, mdogo wake Muhanna, zililia taratibu, zikatua, zikalia tena. Za Thani, yule atakayeliendesha gari Ijumaa kwenye mashindano ya kupanda mlima wa mchanga, zilianguka chini kila mara.

Mchana ule alisikia grenda ikiwashwa. Akaacha vikombe vya kahawa kwenye maji.

"Mama," alimwita mama mkwe wake. "Mama, waambie wasisage."

Bi Jokha alikuwa kwenye mkeka anatoa kokwa za tende. Hakuinua uso. "Wasisage nini?"

"Ekseli ya mbele. Pale alipoandika."

Yule mama akamtazama, akaiweka tende aliyokuwa nayo, akasimama kwa kushika ukuta. Alipofika mlangoni sauti yake ilikuwa ile ile ya kufukuza mbuzi.

"Nyinyi, zimeni hilo dude."

Grenda ikafa taratibu. Thani akasema, "Mama, ndiyo kwanza tumeliwasha. Siku ngapi Sinan analizunguka tu bila kuliwasha, na leo kaliwasha unalizima."

"Zima. Mke wa Muhanna hataki paguswe pale penye maandishi."



Mji mzima wa Bidiya, pale ukingoni mwa jangwa la mchanga, ulilijua gari lile. Mwili ulikuwa wa Landkruza, lakini ekseli zote mbili, ya mbele na ya nyuma, zilitolewa kwenye Patroli kuukuu iliyokuwa imelala kwenye uwanja wa vyuma chakavu kule Ibra. Miguu ya mbele ya Landkruza ile ilikuwa laini, kila gurudumu na mguu wake, na ikipiga mchanga kwa kasi inavunjika kama kijiti. Muhanna alitaka chuma kimoja kinene kutoka gurudumu hadi gurudumu. Thani alilicheka gari tangu siku ya kwanza. "Kichwa cha Toyota, miguu ya Nissan. Huyu ni mtoto wa kambo, wazazi wake wasije wakakutana." Muhanna alicheka naye, akaendelea kuchomelea. Ekseli ya nyuma aliimaliza mwenyewe. Kwa ile ya mbele aliishia kupima tu. Baada ya hapo damu yake, iliyokuwa inaugua siku nyingi, ilikataa kabisa, akapelekwa hospitali, na hakurudi.

Sasa ilibaki kazi ndogo ambayo ndiyo kubwa. Kwenye ekseli ya mbele palitakiwa masikio mawili ya chuma, yale yanayoshika mikono inayoizuia ekseli isiende mbele wala kurudi nyuma. Sikio likikaa vibaya hata kidogo, ekseli inalala vibaya, na usukani haushikiki. Na chuma hakichomelewi kikiwa na kutu. Lazima kipigwe grenda kwanza mpaka king'ae. Pale pale palipotakiwa kung'aa ndipo Muhanna alipoandika kwa chaki.

Sinan akaja mpaka nyuma ya mlango wa jiko. Zayana aliijua hatua yake, nayo ilimuumiza kila mara, kwa sababu ndugu wale walitembea namna moja, wakiuburuza mguu wa kulia kidogo.

"Shemeji," akasema. "Ijumaa gari linapanda. Kama sikuchomelea leo, rangi haitakauka, wakaguzi hawatalipitisha."

"Sogeza sikio upande mwingine."

"Siwezi. Nikilisogeza, Thani atakuwa anakata usukani kulia, gari linamwambia kushoto. Huko juu kwenye kilele hapana nafasi ya kubishana na gari."

"Basi usichomelee."

Kutoka kule nyuma Thani akasema, "Umm," yaani mama wa fulani, akasita, kwani Zayana na Muhanna hawakujaaliwa mtoto na hakukuwa na jina la kumalizia. Akaanza upya. "Dada Zayana, mimi nimeyapiga picha. Nakutumia sasa hivi. Utakuwa nayo mpaka simu ichoke."

Simu ikalia kwenye meza. Zayana akaifungua. Aliona kutu, kivuli cha gurudumu, na michirizi myeupe ambayo ingeweza kuwa maandishi na ingeweza kuwa mavi ya ndege. Akaivuta picha kwa vidole ikawa kubwa, ikazidi kufifia.

"Haionekani kitu," akasema.

"Basi tukukatie kipande hicho cha ekseli ukiweke sebuleni," Thani akasema. "Wengine wanaweka maua."

"Thani," akasema Bi Jokha, "ulimi huo utakuja kuliwa na mbwa."

"Samahani, mama."

"Shemeji," Sinan akasema tena, kwa sauti ya chini. "Ni mambo ya kazi tu. Vipimo. Mimi nimeyasoma."

"Yanasemaje?"

Akanyamaza kidogo mno, lakini alinyamaza. "Vipimo," akarudia.

Na huko kunyamaza ndiko kulikomzuia Zayana asikubali. Kwa sababu Bi Jokha, ambaye hakusoma, ndiye aliyemwambia siku za matanga kwamba mwanawe alikaa chini ya gari akiandika kwa muda mrefu. "Maneno mengi," alisema. "Si mistari. Mistari naijua." Tangu hapo Zayana aliliweka jambo hilo moyoni kama mtu anayeficha tende moja kwa ajili ya futari. Muhanna hakumuaga. Jioni aliyofariki, wauguzi walikuwa wamekwisha kumwambia mke arudi nyumbani akapumzike, na mgonjwa mwenyewe alimpungia mkono kwa vidole viwili, kama anayekwenda dukani. Lazima alisema neno mahali fulani. Na mahali pa Muhanna pa kusema mambo palikuwa chini ya magari.

Tena siku ile ya kupima Zayana alikuwepo. Alikuwa zaidi ya kuwepo. Mafundi wengi wa pale huweka alama gari likiwa limening'inia kwenye jeki, halina injini, jepesi, halafu wanashangaa likishushwa kila kitu kimehama. Muhanna hakufanya hivyo. Aliweka injini, akajaza tangi mafuta, akalisimamisha gari kwa miguu yake, kisha akasema bado, gari haliendi lenyewe, linaendeshwa na mtu. Akamwita mkewe akae kwenye kiti cha dereva na mama yake akae pembeni.

"Mimi na uzito wa Thani wapi na wapi," Zayana alimuuliza.

"Shika chupa ya kahawa, mtalingana."

Akaingia chini kifudifudi, kisha akageuka chali. Alikuwa amekonda, hata jeki hakuihitaji kupata nafasi ya kupita. Zayana alishika usukani juu, akisikia chaki ikikwaruza chuma chini ya nyayo zake. Bi Jokha alilalamika kwamba kiti kinanuka petroli. Zayana akaanza kuzungumza juu ya Idi, nani aalikwe, nyama ya kuokwa ifukiwe shimoni kwao au kwa Sinan, na akamwigiza mke wa Sinan anavyopima chumvi, wakacheka wote wawili mle ndani.

"Msicheke," sauti ikatoka chini. "Gari linatikisika, chaki inakimbia."

Wakazidi kucheka. Hivyo ndivyo alivyoikumbuka siku ile: mchana mzuri, yeye juu, mumewe chini, na sauti ya chaki.

Adhana ya alasiri iliposikika, wanaume walinawa kwenye bomba wakaenda msikitini. Zayana alisubiri mpaka hatua zao zikapotea uchochoroni.

"Mama, natoka uani."

"Ua ni wako," akasema Bi Jokha. "Hakuna mtu. Nenda, mimi nitakaa mlangoni."

Jua la majira ya baridi lilikuwa laini. Gari lilikuwa refu kuliko alivyolikumbuka, limevuliwa magurudumu ya mbele na kukalishwa kwenye vigogo. Akakunja nguo, akapiga magoti, kisha akalala kwenye kipande cha boksi walichokuwa wakilalia wao, akajisukuma ndani mpaka uso wake ukawa chini ya ekseli.

Pale ndipo palipokuwa. Sinan alikuwa amegusa ukingo tu kwa grenda, pamebaki mkwaruzo unaong'aa upana wa kucha. Mengine yote yalikuwa mazima.

Palikuwa na mstari mmoja uliokatwa kwa mkingamo, na pembeni yake: *si hapa*. Chini yake mstari mwingine, mnene, umerudiwa mara nyingi: *hapa*. Mshale. Kisha: *teremsha kidogo nyuma, upana wa sarafu*. Kisha maandishi yalipanda juu kufuata mviringo wa chuma, herufi zimepinda kama za mtu aliyechoka mkono: *shika pointi nne kwanza, lishushe gari, pima tena, ndipo umalizie*, yaani chomea nukta nne tu za kulishikilia sikio kabla ya kulichomelea lote. Na mwisho, karibu na difu, lile tumbo la ekseli, pamejitenga: *Sinan, usiharakishe*.

Akasoma tena tangu mwanzo. Akatafuta upande wa pili, nyuma ya springi, juu ya fremu, kila mahali ambapo mkono wa mtu aliyelala ungeweza kufika. Hapakuwa na kitu kingine. Jina lilikuwa moja, na halikuwa lake.

Akabaki pale amelala. Hakulia kwanza, kwa sababu kulikuwa na jambo lililokuwa linamjia polepole na alitaka lifike. Muhanna alikuwa akichomelea mwenyewe, siku zote. Kwa kazi yake mwenyewe alipiga mstari mmoja, basi. Ekseli ya nyuma hakuiandika hata herufi. Mtu hajiandikii *shika pointi nne kwanza*. Mtu anaandika hivyo anapojua kwamba mkono utakaokamata mashine si wake.

Alijua. Alilala hapa hapa, akajua, akaandika, na juu yake, umbali wa bati tu, mkewe alikuwa akigawa nyama ya Idi na kuigiza watu. Naye hakusema, "Nyamaza, Zayana." Alisema tu chaki inakimbia.

Ndipo akalia, mikono juu ya kifua, bila kugusa kile chuma, maana angekifuta.

Bi Jokha akakohoa mlangoni. Ilikuwa ishara. Zayana akajisukuma nje, akajipangusa mchanga, akaingia ndani kabla wale hawajafika. Mama mkwe alimtoa kipande cha majani makavu kwenye ukaya wa kichwani, akamtazama machoni.

"Kakuandikia?"

"Hapana, mama. Kamwandikia Sinan."

Bi Jokha akaketi. Kwa muda alihesabu kokwa kwenye sahani kama vile alikuwa na kazi nazo. "Muhanna yule," akasema mwishowe, "tangu mdogo. Ukimuuliza unaumwa wapi, anakuuliza wewe umekula."

Uani sauti zikarudi. Thani alikuwa akisema kwamba imamu karefusha makusudi, kajua wana haraka. Zayana akasogea nyuma ya mlango.

"Sinan."

"Naam, shemeji."

"Nimeyasoma."

Alimsikia akiweka kitu chini, chuma juu ya saruji, kwa uangalifu.

"Sikutaka uyaone," Sinan akasema. "Nilipoona jina langu nilitoka pale nikaenda nikakaa kule kwenye mkunazi. Nilikuwa namtembelea kila siku hospitali, shemeji, tunaongea mpira. Hakuniambia kitu. Kumbe alishaniachia kazi." Akasogeza boksi kwa mguu. "Ndiyo maana nimechelewa. Si rangi wala si spana. Thani ananicheka, lakini kila nikishika grenda naona namfuta kaka yangu."

"Hata mimi nilikuona hivyo."

"Basi tuache. Ijumaa wapande wengine. Mashindano yapo kila mwaka."



Zayana aliegemeza paji la uso kwenye ubao wa mlango. Ilikuwa rahisi kusema ndiyo. Gari lingekaa pale kwenye vigogo, upepo wa kiangazi ungekuja na vumbi lake, na mwisho wa siku chaki ingeondoka kwa upepo, bila kazi yoyote kufanyika.

"Amekwambia usiharakishe," akasema. "Hakukwambia usifanye. Piga grenda."

"Shemeji, nimesikia sawa?"

"Umesikia sawa. Pointi nne kwanza. Halafu lishusheni, mpime tena."

"Na nani atakaa kwenye kiti?"

"Thani. Si ndiye anayeendesha."

"Mimi nimeongezeka," Thani akasema. "Tangu matanga nyumba hii mnanilisha kama dume la Idi." Hakuna aliyecheka, naye hakungoja mtu acheke. Zayana alimsikia akitandika boksi chini, akisema kwa sauti nyingine, "Haya, Sinan, ingia. Nakushikia taa."

Grenda ikawaka. Zayana alikuwa amejiandaa kwa sauti mbaya, lakini ilikuwa sauti ile ile ya kila siku. Chaki haikuwa na mlio wake. Harufu ya chuma kilichopata moto ikapenya chini ya mlango. Bi Jokha akaja akasimama karibu naye, bega kwa bega, akamshika kiganja. Haikuchukua muda, chini ya muda wa kuchemsha kahawa, na mashine ikazimwa.

Kisha hapakutokea kitu. Wakangoja sauti ya mashine ya kuchomelea, haikuja.

"Kuna nini huko?" Bi Jokha akauliza.

"Hakuna kitu, mama," Thani akajibu. "Anafuta miwani."

Wakangoja tena. Zayana akarudi kwenye vikombe vyake, maji yalikuwa yamepoa. Alikuwa ameshika kile cha kwanza pale mwanga wa buluu ulipopiga pazia na kuruka ukutani. Ndoa yake yote alifundishwa mwanga ule hautazamwi kwa macho matupu. Akageukia upande wa pili, na akabaki hivyo, kikombe mkononi, mpaka ulipozimika.