Ikisema Subiri, Subiri

Kabla sijaeleza nilichomfanyia jirani yangu, niacheni kwanza nijisifu kidogo, maana huko mbele sitapata nafasi. Miaka thelathini na moja nilikuwa fundi wa nguzo za simu. Siku moja nilikwama juu ya nguzo kwa siku mbili nzima, kwa sababu dume la ng'ombe lilikuja kulala chini yake likakataa katakata kuondoka. Sikukaa bure. Nilishika nyaya mkono huu na mkono huu, nikawa nawaunganisha watu: wewe ongea na huyu, wewe ngoja kwanza. Kuna kijana alichumbia kupitia kidole gumba changu. Ndoa ile ipo mpaka leo, na watoto sita.

Hapo ndipo nilipopata jina la Nguzo, na hapo ndipo watu walipoanza kuniamini katika kila kitu chenye waya.

Nilipostaafu nilijifundisha kompyuta. Sikukanyaga darasa lolote. Niliokota mashine moja mbovu, nikaifungua, nikaifunga, zikabaki skrubu tatu, na ikawaka. Baada ya hapo nikawa daktari wa mtaa. Kompyuta iliyozeeka mpaka mwenyewe anataka kuitupa, mimi naiwekea Linux, ule mfumo wa bure usioilemea mashine, nayo inarudi ujanani. Ndivyo nilivyofanya kwa rafiki yangu Fundi Saa na mkewe.

Fundi Saa alitengeneza saa za watu kwa miaka arobaini, mpaka mtoto wa jicho alipomfunga macho yote mawili. Siku hizi anaona mwanga na vivuli tu. Sebuleni kwake kuna saa kumi na moja ukutani, na akiwa amekaa kitini anakuambia kwa sikio ipi imechelewa na kwa dakika ngapi. Mkewe ni mkunga mstaafu, na mtaani hana jina jingine zaidi ya Mkunga. Nusu ya watu wa mtaa wetu alikuwa wa kwanza kuwashika kichwa.

Shida ya Mkunga kwenye kompyuta ilikuwa moja: hakuwa na subira. Alizoea kazi ambayo kitu kikichelewa kutoka, kinasaidiwa. Mashine ikitulia kidogo kutafakari, yeye anabofya mara ishirini, na mashine inaganda. Nikachoka kuitwa. Nikachukua kipande cha karatasi na kalamu nene, nikaandika kwa herufi kubwa: IKISEMA SUBIRI, SUBIRI. Nikakibandika kwenye ukingo wa skrini kwa gundi nzuri, nikaenda zangu nikiwa nimeridhika na nafsi yangu.

Alhamisi moja, saa saba mchana, Mkunga akabisha hodi kwangu. Alikuwa ametulia mno, na Mkunga akitulia ujue kuna jambo.

"Shemeji," akasema, "kompyuta bado inafikiri."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu Jumatatu."

Nilicheka. Halafu nikamwangalia usoni, nikaacha.

Njiani alinieleza. Baada ya kungoja mwaka na miezi miwili, hospitali ya macho ilikuwa imemwandikia barua pepe mumewe: nafasi ya upasuaji imepatikana. Kulikuwa na fomu ya PDF ya kujaza na kurudisha. Mwisho ni Alhamisi, saa kumi alasiri. Fomu isiporudi, nafasi anapewa mgonjwa anayefuata, na Fundi Saa anarudi mkiani mwa foleni. Jumatatu asubuhi Mkunga aliifungua ile fomu. Ukatokea ukurasa mweupe, na juu yake maneno meusi: Tafadhali subiri. Akataka kubofya. Akaiona karatasi yangu. Akarudisha mkono.

Siku tatu hakuizima. Alikuwa ameiwekea feni mbele ili isichoke.

"Nikajiambia subira huvuta heri," akasema. "Maisha yangu yote nimewaambia wanawake wasukume. Safari hii nikasema acha nitii."

Nilitamani ardhi ipasuke, lakini nilijikaza kama fundi. Nikamwambia hilo ni jambo dogo, dakika tano tu.

Fundi Saa alikuwa kitini mwake karibu na dirisha, amevaa shati jeupe la kutokea, limepigwa pasi. Mkewe aliniambia kwa sauti ya chini kwamba amekuwa akivaa hivyo kila siku tangu Jumatatu, huenda wakaitwa ghafla.

"Umekuja, Nguzo," akasema. "Sasa ni saa saba na dakika ishirini na mbili."

Nikakaa mbele ya mashine. Nikaufunga ule ukurasa na kuufungua upya: Tafadhali subiri. Nikaizima kompyuta, nikaiwasha. Tafadhali subiri. Nikasafisha kumbukumbu za kivinjari, yaani ile programu tunayofungulia mtandao, maana mara nyingi uchafu hujificha humo. Wapi. Nikafungua kwa kivinjari kingine ninachokiweka akiba, kama mtu anavyoweka tairi la tano. Kile hakikunipa hata yale maneno, kilinipa ukurasa wa kijivu, mtupu kabisa. Nikaenda kwenye mipangilio, nikazima hiki, nikawasha kile, vingine sikuvijua hata kazi yake. Nikaipakua ile fomu ndani ya mashine na kuifungua kwa programu nyingine ya kusomea. Nikaipakua tena. Nilipohesabu, fomu zilikuwa saba, na zote zilinitazama kwa adabu zikiniomba nisubiri.

Muda wote huo mdomo wangu haukufunga. Niliwapigia chuku ya mashine moja iliyokataa kufunguka mpaka nikaipepea kwa unyoya wa kuku. Mkunga hakucheka. Fundi Saa alikuwa ameinamisha kichwa upande, kama mtu anayesikiliza saa ya mteja.

"Saa nane na dakika tano," akasema. Kisha akauliza kitu ambacho mimi, mwenye macho mawili na miwani juu yake, sikuwa nimejiuliza. "Hayo maneno yanasemaje?"

"Yanasema tafadhali subiri."

"Hayo nimeyasikia tangu Jumatatu. Nisomee yote, mwanzo mpaka mwisho. Mimi nikisomewa nusu nakuwa sijasomewa."

Nikamwambia yaliyobaki ni maandishi madogo tu, mambo ya kawaida.

"Basi yasome hayo ya kawaida."

Nikasogeza uso karibu na skrini. Chini ya yale maneno makubwa kulikuwa na mistari mitatu ya herufi ndogo kama mbegu za ufuta. Nikasoma kwa sauti: "Ikiwa maneno haya hayatabadilika kuwa fomu, huenda programu unayotumia haiwezi kuonyesha hati ya aina hii."

Nikayasoma tena, safari hii polepole.

"Kwa hiyo haifikirii," akasema Fundi Saa.

"Haifikirii."

"Imesimama."

"Imesimama tangu Jumatatu."

"Sasa saa iliyosimama unaisubiri nini, Nguzo? Si inafunguliwa."

Hapo nikaelewa. Fomu ile ilitengenezwa kwa mtindo wa zamani, imefungwa ndani ya ganda ambalo vivinjari vyangu havikuwa na ufunguo wake. Ule ukurasa wa kusubiri haukuwa mlango wa kuingilia kwenye fomu. Ulikuwa ukuta. Yule mama angeweza kukaa hapo mpaka mvi zake zioteshe mvi, na ukuta ungeendelea kumwomba asubiri.

Nilijua wapi ingefunguka. Nilijua tangu niliposoma ule mstari, ila ulimi ulikuwa mzito. Mwisho wa barabara yetu kuna duka la kuchapa, mwenyewe tunamwita Mama Wino. Mashine zake zinatumia mfumo ule wa watu wengi, na ana programu ya kusomea PDF ya kulipia. Huyo mama nimemchafulia jina miaka sita. Nimewaambia watu mashine zake zinashika magonjwa kama kuku, kwamba kipanya chake niliwahi kukisikia kikipiga chafya, kwamba ukipeleka flashi pale irudishe nyumbani na barua ya daktari. Watu walicheka, nami nikaendelea kuongeza chumvi.

Nikaanza kusema labda nijaribu njia moja ya mwisho. Mkunga akanishika bega. Mkono ule unajua wapi pa kushika.

"Shemeji, mficha uchi hazai. Kama kuna mahali pa kwenda, sema twende."

Nikasema.

Niliiweka fomu kwenye flashi, tukatoka watatu, kwa sababu ilitakiwa sahihi ya mgonjwa mwenyewe. Fundi Saa alitembea nyuma ya mkewe, mkono begani kwake, akihesabu hatua kimoyomoyo. Mimi nilitangulia kuwaonyesha mashimo. Njia ile huwa naitembea kwa dakika sita. Siku hiyo ilichukua ishirini, na kila dakika Fundi Saa aliijua bila saa.

Mama Wino alikuwa anabadilisha karatasi kwenye mashine ya kuchapia. Akaniona. Akapangusa mikono taratibu.

"Mzee Nguzo. Leo umekuja kuambukizwa?"

Nilikuwa nimeshaandaa uongo mzuri, kwamba nilikuwa napita tu nimsaidie kukagua waya. Nikatazama nyuma. Fundi Saa alikuwa mlangoni na shati lake jeupe, akingoja aambiwe kizingiti kiko wapi.

"Nimeshindwa," nikasema. "Mashine zangu haziwezi kuifungua hii. Yako inaweza. Mwisho ni saa kumi."

Alikuwa na mengi ya kunijibu, niliyaona yamejipanga. Akayameza yote, akavuta kiti, akamkalisha Fundi Saa.

Fomu ilifunguka kwa kubofya mara moja. Mkunga alitaja tarehe za kuzaliwa na dawa za presha, Mama Wino akaandika. Palipofika mahali pa kazi ya mgonjwa, nikasema andika mstaafu.

"Andika fundi saa," akasema mwenyewe.

Fomu ikauliza jicho gani lianze.

"La kulia. Ndilo la kazi. Ndilo ninalovalia lenzi." Alisema ninalovalia, hakusema nililovalia. Mkunga akatazama barabarani.

Karatasi ikachapwa. Mama Wino akachukua kadi ngumu, akakata tundu jembamba lenye ukubwa wa sahihi, akaiweka juu ya mstari, akampa Fundi Saa kalamu na kuiongoza mpaka ukingoni mwa tundu. Fundi Saa akaandika jina lake ndani ya tundu lile polepole, herufi ndogo zilizonyooka, kama anapachika vyuma vya ndani ya saa. Haikutoka nje hata nukta. Karatasi ikapigwa picha kwenye mashine, ikarudi kuwa PDF ya kawaida isiyo na ganda, ikatumwa hospitali.

"Saa tisa na dakika thelathini na sita," akasema Mama Wino, akitazama ukutani.

"Arobaini," akasema Fundi Saa. "Ya kwako inachechemea. Nikipona nitakuja kuiona."

Tulirudi nyumbani kungoja jibu. Nilipowasha mashine, hakuna barua. Ilipotimia saa kumi, saa za ukutani zikagonga moja baada ya nyingine, zote kumi na moja, na bado hakuna barua. Mkunga alisimama nyuma ya kiti changu. Nikaona sasa ndio wakati, kabla jibu halijaja, nisije nikaonekana nakiri kwa sababu mambo yameharibika, au najificha kwa sababu yamekuwa mazuri. Nikamwambia kosa lilikuwa langu. Kwamba yeye angebofya, angepiga kelele, angekuja kwangu Jumatatu ile ile, na karatasi yangu ndiyo iliyomkalisha siku tatu. Nilipokwisha kuanza, nikamalizia na la dume la ng'ombe. Nikasema ilikuwa dakika arobaini, na alikuwa ndama.

"Ndama tulimjua," akasema Fundi Saa. "Ila usiwaambie wengine. Ile ndoa tunaipenda."

Saa kumi na dakika sita barua ikaingia. Ilikuwa na PDF ndani. Nikaweka kidole kwenye kipanya. Nikabofya. Ukurasa ukaja mweupe. Mkunga akashika egemeo la kiti changu. Halafu, bila kuombwa, maandishi yakajipanga yote.

Nikavaa miwani vizuri, nikasoma mwanzo mpaka mwisho. Fomu imepokelewa saa tisa na dakika arobaini na moja. Mgonjwa afike Jumanne asubuhi. Aje na msindikizaji mmoja. Asipake mafuta usoni. Nikasoma anwani ya hospitali, nikasoma namba ya simu, nikasoma herufi zile za ufuta kule chini kabisa, kwamba barua hii imetumwa na mtambo, tafadhali usiijibu.

"Na hiyo umesoma," akasema Fundi Saa.

"Na hiyo."

Mkunga alikuwa ameenda kulifungua kabati la nguo, kutafuta shati jingine jeupe la kuvaa Jumanne. Nikaweka ukucha chini ya karatasi yangu kwenye ukingo wa skrini. Gundi ilikuwa nzuri kweli. Ikatoka vipande vipande.

"Sauti gani hiyo?" akauliza Fundi Saa.

"Karatasi tu."

"Kaza mkono," akasema. "Nasikia kuna kipande kimebaki pembeni."