Pistoni ya Tatu

Mimi Kaanaeli wa Akheri nina mdomo, nakiri. Mwaka ule alipotawazwa Malkia wa Waingereza, injini ya lori la chama chetu cha kahawa ilianza kugonga, nami nikawaambia wanakamati bila kumung'unya maneno: "Ni Philemoni huyo! Anapandisha mlima kwa gia kubwa, analiua gari." Tulikuwa tukiliendesha kwa zamu, mimi na yeye. Wakamwachisha kazi siku ileile, na mkewe ana mimba ya miezi saba.

Nikatumwa kulipeleka lori mjini kwa Omari, fundi mwenyeji wa Tanga. Nilidhani atafumua injini nzima. Wapi! Aliniambia niiwashe, akaegemeza ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini, mpini akautia sikioni, akafumba macho. Kisha akachomoa nyaya za plagi, mmojammoja. Wa kwanza, ko-ko-ko. Akaurudisha. Wa pili, vilevile. Alipochomoa wa tatu, mlio ukanywea.

"Pistoni ya tatu," akasema. "Beringi yake ya chini imelika. Zima, usije ukaimaliza."

"Umeionaje, nawe hujafungua hata nati moja?"

"Bwana Kaanaeli, mkeo akikasirika si unajua kabla hajasema?"

Akaingia uvunguni, akafungua sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, akaishusha. Jamani! Beringi ya tatu imechubuka na kuungua, nyingine tano zinang'aa. Nywele zilinisimama. Tangu utotoni naimba kanisani kwamba Mungu huyaona yaliyofichika. Sikujua kuna mwanadamu aliyeazimwa macho hayo kidogo.

Omari akapitisha waya kwenye kitundu cha oili, akavuta uzi mfupi wa kahawia. Akaunusa. "Uzi wa gunia la kahawa. Umeziba oili isifike kwenye beringi. Nani huchuja oili kwa gunia?"

Kwetu hakitupwi kitu. Oili chafu niliiacha itulie, nikaichuja kwa gunia, nikairudisha kwenye injini, na kamati ikanisifu kwa kubana matumizi.

"Ni mimi," nikasema.

Hakunisimanga. Siku tatu alikaa na beringi ile: akayeyusha madini laini, akaimimina upya, akaipaka masizi, akaijaribu, akakwangua palipogusa na kufutika masizi, akaijaribu tena. Kila mkwaruzo ulitoa vumbi lisilojaza kucha. Nilimtazama hadi nikasahau kula. Alipowasha, akanipa bisibisi nisikilize mwenyewe. Pistoni sita zilipumua kwa utulivu kama ng'ombe zizini. Machozi yalinitoka, sioni haya kusema.

Sikwenda chamani. Nilipandisha moja kwa moja hadi kwa Philemoni, nikasimamisha lori mlangoni injini ikinguruma, nikahamia kiti cha abiria.

Akatoka, hakunisalimu. Alizunguka mbele, akaweka kiganja juu ya boneti, akasikiliza muda mrefu.

"Haigongi," akasema.

"Haigongi," nikamjibu. "Wala hukuwa wewe. Panda, unipeleke kwenye kamati nikawaambie."