Upande wa Kushoto wa Jayantilal

Daktari Nyongesa alifunga faili.

"Nitakupasua Jumanne," alisema. "Lakini kwanza uniletee mtu."

"Mtu gani, daktari?"

"Yeyote unayemwamini. Jicho la kushoto limekwisha. La kulia nitalifunga bandeji. Nani atakulisha? Ukitoka wodini, nani atakutia dawa mara nne kwa siku, mwezi mzima? Aje nimwone kwa macho yangu. Bila mtu sipasui."

Jayantilal alikuwa fundi wa saa mjini Nakuru. Mwaka huo wa 1977 alikuwa na miaka hamsini na minane. Mkewe alikuwa amefariki, na binti yake, Indu, aliandika barua kutoka Leicester kila Desemba. Presha ya macho ilikuwa imeua jicho moja. Jicho la pili lilitobolewa mwaka uliopita ili maji ya ndani yapate njia ya kutoka, lakini kovu liliziba tundu na presha ikapanda tena. Sasa daktari alitaka kuweka kijibomba cha plastiki, chembamba kuliko sindano, chenye kibamba kidogo ambacho kingelazwa chini ya utando mweupe wa jicho. Maji yangepita humo hata kovu likija. Daktari hakuahidi kurudisha kilichopotea. Aliahidi kujaribu kulinda kilichobaki.

"Unaona kama mtu anayechungulia ndani ya bomba," alisema. "Wengine hujigonga milangoni, wakaja mapema. Wewe kazi ilikuficha. Saa haina pembeni."

Ilikuwa kweli. Kwa miaka mingi Jayantilal alishika skrubu ndogo kama punje ya mchanga na kujisifu kwamba hakuna macho kama yake mjini.

Kwa siku tatu alitafuta jina. Rafiki yake Surinder alikuwa amehamia Birmingham. Mwingine, Yusufali, alikuwa Toronto. Majirani wa barabara yake waliacha kumsalimia miaka minne hivi iliyopita. Hakuwauliza sababu. Aliamua kwamba wamechoka na Mhindi aliyebaki, naye akaacha kuinua kichwa. Aliyekuwa karibu ni Wachuka peke yake, mjane aliyeshona sare za shule kwenye veranda hiyo hiyo, hatua mbili kushoto mwa mlango wake. Naye hawakuwa wakisemezana.

Ijumaa alikwenda akasimama mbele ya cherehani yake.

"Mama, nina ombi."

Wachuka hakusimamisha mguu. "Leo fundi ana mdomo."

"Nahitaji mtu wa kunitia dawa ya jicho. Mwezi mmoja."

"Wewe? Wewe ukisalimiwa unanyamaza kama gari ya DC ikipita?"

"Nani alinisalimia?"

Cherehani ilisimama.

"Mimi. Miaka miwili nilikuinulia mkono kila asubuhi, hapa hapa kwa kiti. Nikachoka. Na Kinyanjui, yule kinyozi. Huyo alikuwa anasimama kwa mlango wako akienda kufungua, anainua kofia. Tulimcheka sana. Tukamwambia, achana na huyo, ana maringo."

"Mngeita."

"Tuite vipi? Si kibao ni chako?"

Kibao kilikuwa chake. Alikiandika mwenyewe na kukitundika mlangoni baada ya mteja mmoja kumshtua na skrubu ikaruka ikapotea: *Usimsemeshe fundi akiwa na lenzi.* Lenzi ya kukuzia haikutoka jichoni mwake tangu asubuhi hadi jioni. Watu walitii. Walimsalimia kwa mkono, kutoka mlangoni, na mlango ulikuwa kushoto kwake.

"Mama," alisema polepole, "huko sioni."

Wachuka alimtazama. Kisha aliondoka kitini, akaweka mkono nyuma ya sikio la kushoto la fundi, akausogeza mbele kidogo kidogo.

"Sema ukiuona."

Jayantilal alisema mkono ulipokaribia pua.

Wachuka alirudi kuketi. Alikunja sare iliyokuwa mapajani, akaikunjua, akaikunja tena.

"Jumanne saa ngapi?" aliuliza.

Baada ya upasuaji, Wachuka alimlisha wodini. Hospitali ilipomruhusu Jayantilal kurudi kwenye chumba chake nyuma ya duka, Wachuka alikuja mara nne kwa siku, akamwinua kope na kumtia tone. Hakuzungumza sana. "Usiiname," alisema. "Usibebe ndoo." Mwishoni mwa mwezi daktari alipima. Presha ilikuwa imeshuka kutoka thelathini na nane hadi kumi na nne. Kijibomba kilikuwa kinafanya kazi, na kile kilichobaki kilikuwa bado kipo.

Njiani kurudi, Jayantilal alisema, "Nataka kupita kwa Kinyanjui. Nimwinulie kofia."

Wachuka alipunguza mwendo.

"Alihamia Kuresoi kulima viazi. Tulimzika Krismasi iliyopita, fundi. Nilidhani unajua. Veranda yote tulienda."

Siku iliyofuata aliteremsha kibao. Tangu hapo, kila asubuhi saa moja na nusu, alitoa lenzi, akageuza kichwa chote kushoto, kwa kuwa macho peke yake hayakutosha. Wachuka aliinua mkono kutoka kitini. Naye aliinua wake.

Kisha aligeuka kidogo zaidi, mpaka alipouona mwimo wa mlango na kipande cha sakafu mahali ambapo mtu angesimama akitaka kuinua kofia. Alipatazama kwa muda. Halafu alirudisha lenzi jichoni na kuendelea na kazi.