Pua ya Amida

Kayaki iliingia uani kwangu Kamalondo saa mbili asubuhi, juu ya mkokoteni, imefunikwa pagne mbili, vitenge vya wanawake, ili askari wasiione. Ilikuwa mtumbwi mwembamba wa mchezo, mrefu, mwekundu, wa plastiki nene, mali ya mzungu mmoja wa mtaa wa Golf aliyepanda ndege na kumwachia mlinzi wake funguo. Tumboni ilikuwa na ufa mrefu kuliko mkono wangu.

Mimi ni Alimasi, fundi wa kuziba bidoni za maji na mabeseni ya plastiki. Kayaki sikuwahi kuigusa, lakini neno kama hilo halitoki kinywani mwangu majirani wakiwa wanasikiliza. Niliizunguka mara mbili, nikaigonga kwa kidole, nikasema ni kazi ndogo.

"Papa Alimasi, inaomba iishe leo," akasema mama Kyakimwa, aliyeileta. Huyu ni Mnande wa Butembo, anauza maharagwe kwa jumla, na malori yake yanajulikana mpaka Sakania. Siku hiyo hakuwa hata na kitambaa kichwani. "Saa kumi camion yangu moja inaenda Kasenga. Dada yangu Graciella na batoto batatu balibakia pa kisiwa, katikati ya mto Luapula. Pirogue zote, mitumbwi yote ya kule, basoda balizibeba. Siku ya ine leo, bakula nini kule?"

Clovis, mdogo wake, ndiye angepiga kasia. Aliwahi kufanya kazi kwenye klabu ya mitumbwi ya wazungu. Alikuwa amechuchumaa, anaupima ule ufa kwa shibiri.

Ilikuwa Desemba ya mwaka 2000. Pweto ilikuwa imeanguka mikononi mwa waasi, watu wa kaskazini walikuwa njiani na magodoro vichwani, na mjini kwetu umeme na maji vilikuwa vimetusahau.

Sasa niseme jambo ambalo mtaa mzima haukulijua. Plastiki haishikani na plastiki yoyote tu. Ya bidoni inataka ya bidoni, ya beseni inataka ya beseni. Ukizichanganya zinashikana kwa macho, halafu siku moja kiraka kinabanduka kizima. Rangi haisemi kitu. Unachoma kipande, unakizima, unanusa moshi: ya bidoni inanuka mshumaa uliozimwa sasa hivi, ya beseni inanuka mazutu, ile dizeli ya malori. Na kayaki, hilo nililisikia zamani kwa fundi mmoja, ni ndugu wa bidoni. Lakini pua yangu ilikufa miaka minne nyuma, kwa moshi huohuo. Aliyekuwa ananusa ni mke wangu Amida, akikaa karibu na mbabula, jiko letu la makaa, anapuliza makala. Akikohoa mara moja, ni bidoni. Mara mbili, ni beseni. Wateja walimhurumia kwa kifua chake, na mimi niliwaacha wamhurumie.

Asubuhi hiyo Amida alikuwa ameenda kupanga foleni ya maji kisimani, na bidoni zetu zote amezibeba. Kisima kiko mwendo wa dakika ishirini. Ningemtuma mtu akamwite. Ningesema nini? Kwamba fundi Alimasi hawezi kuanza kazi bila mke?

Nilikuwa na kipande kimoja kikubwa chekundu, nilikiokota sokoni, sijui kilikuwa cha nini. Rangi ilikuwa ileile ya kayaki. Nikachoma ncha yake, nikaizima, nikainusa kwa madaha mbele ya mama Kyakimwa. Sikusikia kitu. Nikasema, "Hii njo yenyewe, ndugu wa bidoni."

Nikakwangua, nikatia chuma ndani ya makala, nikayeyusha, nikashindilia. Saa saba ufa ulikuwa umepotea, hata mimi niliutafuta. Tukamimina maji ndani, halikutoka tone. Mama Kyakimwa alilia na kuniita fundi wa kweli. Nakiri, nilivimba kichwa.

Saa nane Amida akaingia na maji kichwani. Akatua, akasalimia, akaiona kayaki. Kisha akaona masalio ya kile kipande, yameegemea mbabula, bado yanatoa moshi. Akainama.

Akakohoa. Nikashusha pumzi.

Akakohoa tena.

Mara mbili: ya beseni. Ningeweza kunyamaza. Maji hayakuvuja, Luapula iko mbali, na nilimchukia mke wangu kwa kikohozi kile, nilimchukia kabisa. Akanitazama, akakohoa mara mbili nyingine.

"Mama Imani, pole," akasema mama Kyakimwa, akimwita Amida kwa jina la mtoto wetu. "Utafute dawa."

Niliwaona wale watoto majini. Nikachukua koleo, nikabana ukingo wa kiraka, nikavuta. Kilitoka kizima, kikavu, kikaanguka miguuni pa Clovis.

"Nilikudanganya," nikamwambia mama Kyakimwa. "Pua yangu ilikufa. Ni Amida njo anajua plastiki. Mimi hapana."

"Bantu bangekufa!" akapiga kelele. "Batoto, papa Alimasi! Juu ya kuona haya!"

Amida hakungoja tumalize. Aling'oa kiegemeo cha kiti cha mbele cha kayaki, akachoma ncha yake, akainusa waziwazi mbele ya watu wote, wala hakukohoa.

"Ya yeye mwenyewe," akasema. "Itajikubali. Baba Imani, leta chuma."

Tulifanya kazi vichwa vikigusana. Stanislas, dereva wa lori, alikuwa anapiga honi pembeni mwa barabara. Saa kumi kasorobo kiraka kilishika, lakini kilikuwa cha moto bado. Kiraka cha namna hiyo kinataka muda wa saa tano kupoa bila kutikiswa, na njia ya Kasenga tunaijua ilivyo na mashimo.

"Muntu anapashwa kuenda nayo," akasema Amida. "Ikipasuka, iungwe kulekule, mbele ya kuingia mu mayi."

"Nitaenda miye," nikasema.

Mama Kyakimwa alinitazama toka juu mpaka chini. "Na pua gani? Mimi nataka huyu, mama Imani."

"Kule iko vita!" nikapinga.

"Na dada yangu eko kule," akajibu.

Amida alikuwa tayari anafunga mabaki ya kiti ndani ya pagne. "Imani akitoka masomo, umusongee bukari," akaniambia. "Mboga iko mu nyungu." Akachukua mbabula yangu na chuma changu, akapanda nyuma ya lori, akakaa kando ya kayaki na kuweka kiganja juu ya kiraka. Clovis akampa mkono asianguke.

Lori likaondoka. Majirani wakaniuliza mama Imani anaenda wapi na vyombo vya fundi. Nilitazama saa. Kama asubuhi ningemtuma mtu kisimani, kiraka kingeungwa kabla ya saa tano asubuhi na sasa kingekuwa kimepoa. Dakika ishirini za kwenda na ishirini za kurudi, na mke wangu angekuwa nyumbani.