Yaya wa Manuela

Luciene alikuwa mfamasia, mzaliwa wa jiji la Porto Alegre kama mama yake na bibi yake, na mweusi kama wao. Mumewe, Otávio, alikuwa mzungu wa ukoo wa Wajerumani, na binti yao Manuela alimchukua baba mzimamzima: nywele rangi ya mahindi, macho ya kijivu. Kwa mama alichukua kicheko tu, na kicheko hakionekani kwa mbali.

Mara ya kwanza ilikuwa bustanini, penye bembea. Mama mmoja mwenye kibuyu cha chai chungu ya kienyeji alimsogelea Luciene akitabasamu.

"Dada, naona huyo mtoto unampenda kweli. Wanakulipa vizuri? Yaya wetu katukimbia."

"Huyu ni mwanangu."

"Wee! Basi usinune, mwaya. Kafanana na baba, ee?"

Luciene akacheka naye. Hicho ndicho kilichokuja kumuuma baadaye, kwamba alicheka.

Usiku alimsimulia mumewe. Otávio akamkumbatia. "Hakuwa na nia mbaya, mpenzi. Usiyabebe moyoni."

"Nisipoyabeba, niyatue wapi?"

Otávio akawasha televisheni.

Hayakuishia hapo. Bawabu akamwelekeza kwenye lifti ya watumishi, hali amekwenda kula kwa marafiki. Daktari wa meno akampa maagizo ya kumfikishia "mama wa mtoto". Kila jambo lilikuwa dogo. Ukilisimulia peke yake, unaonekana mtu wa visa.

Akaanza kujihami. Bustanini akawa anakwenda na hereni za dhahabu na viatu vya kazini. Akanyoosha nywele. Akawa anaita kwa sauti, "Njoo kwa mama! Mama yuko huku!" hata Manuela akalalamika, "Mama, mbona unapiga kelele?" Usingizi ukampaa. Alilala macho wazi akitunga majibu ya maneno aliyoambiwa wiki iliyopita. Kazini alisoma cheti kimoja cha dawa mara tatu, asijiamini. Na kwenye kioo hakujiona tena yeye; alimwona yule wanayemwona wao.

Alikwenda kwa daktari. Daktari akauliza kinachomsumbua.

"Watu wananiita yaya wa mwanangu."

"Wanakuonea wivu tu," daktari akasema, akamwandikia vidonge vya usingizi.

Manuela alipofika miaka sita, Luciene alikwenda kumchukua shuleni kama kawaida. Msichana mmoja akapaza sauti, "Manu! Yaya wako kaja!"

Manuela alimtazama mama yake, akawatazama wenzake, akaokota begi. "Haya, nakuja," akasema.

Njiani Luciene alijikaza mpaka wakavuka barabara. "Mbona hukuwaambia?"

"Nilishawaambia, mama. Wanasema naongopa. Nikikubali, wananiacha."

Kesho yake alimwendea mwalimu.

"Ni watoto tu, dada," mwalimu akasema.

"Mimi si dada. Mimi ni mama Manuela!"

"Sawa, mama. Ila punguza sauti, unawatisha watoto."

Watoto wawili watatu walikuwa wamegeuka kweli, wakimkodolea macho. Miongoni mwao alikuwemo Manuela, uso umemwiva kwa aibu. Luciene akaondoka. Langoni pa shule hakukanyaga tena. Otávio ndiye aliyeanza kumpeleka mtoto na kumrudisha, na kina mama wakamsifu: baba gani huyu, heri mkewe!

Jioni Luciene alirudi kutoka kazini moja kwa moja mpaka jikoni, akaketi bila kuvua koti. Chakula alipika Otávio. Wakati mwingine alimsemesha mara mbili ndipo akaitika.

Siku moja Otávio aliingia na mtoto, yeye akiwa mchangamfu. "Wamekusalimu shuleni," alisema.

"Nani?"

"Kina mama wa pale langoni. Wanauliza lini nitamleta mke wangu wamjue. Eti hawajawahi kumwona hata siku moja."

Luciene alikuwa amesimama nao pale langoni tangu Manuela anaanza shule mpaka ile siku ya mwalimu, jua na mvua, bega kwa bega. Aliinua tu macho akamtazama mumewe, na Otávio, aliyekuwa bado anacheka, taratibu akaacha kucheka.